Usumba Ndani ya Mashine

Mume wangu alikuwa na mashine kuukuu ya boti, aliyoinunua kwa hoteli moja ya Nungwi ilipokwisha kuwachosha wenyewe. Kwa mashine hiyo akivua nje ya mwamba, peke yake, na maji yakijaa akinivushia magunia yangu ya mwani katika ghuba ya Chwaka. Akiipangusa mpaka naona wivu.

Siku moja, katikati ya ghuba, mashine ikaanza kupiga filimbi, ile ya kuonya kwamba imepata moto. Yeye anaendesha tu, anatabasamu. Nikadhani ni jeuri yake.

"Mashine inalia, bwana wee!"

"Eti?"

Nikampiga kofi la gotini, ndipo akaizima. Tundu linalotema maji ya kupoza lilikuwa kavu. Akaiinua, akatazama matundu ya chini yanayovuta maji: safi, hapana mwani wala nailoni. Akalichokoa lile la juu kwa waya, wapi! Tukarudi kwa kujisukuma na pondo, mimi nimenuna.

Pwani akaufungua mguu wa mashine, akatoa pampu. Kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji kilikuwa kimezongwa na nyuzi za kahawia. Nilizijua kabla hajazichomoa. Ulikuwa usumba wangu, nyuzi za makumbi ya nazi, niliouroweka kwenye pipa uani ili nisokote kamba. Naye, kwa uvivu wa kuteka maji mengine, kaisuuza mashine yake humo humo, inanguruma na kuvuta maji.

"Pipa la usumba, mume wangu? Makumbi nimeyafukia miezi, nimeyaponda kwa mikono yangu, kumbe nailisha mashine yako!" Nilimsema mpaka nikacheka mwenyewe.

Kisha kicheko kikanikatika. "Imeanza lini kulia?"

"Sijui," alisema, macho kwenye nyuzi. "Mie hata leo sikuisikia."

Nikaingiwa na hofu. Nje ya mwamba hakuna wa kumpiga kofi la gotini.

Alipokwisha kuifunga tukaijaribu kwenye maji safi. Tundu likatema vizuri, na filimbi haikulia. Lakini yeye hakutazama maji. Alinitazama mimi, mdomoni, akingoja nimwambie kama inalia. Nikatambua kwamba siku nyingi akinitazama hivyo kila nikisema.

"Na mie nkidhani mapenzi," nikamwambia polepole, ayaone maneno.

"Na hayo yamo," akasema. Kisha, mtu aliyezoea bahari yake peke yake, akaniomba: "Kesho twende sote."