Kuagwa Kabla ya Tiketi

Waliniaga kanisani Jumapili ya mwisho ya mwezi, na tiketi sikuwa nayo. Naanzia hapo kwa sababu wako wanaosema niliwadanganya. Nikijipima naona sikudanganya, ila pia siwezi kusema nilisema ukweli. Shule niliishia kidato cha pili. Labda kuna neno la kitu kilicho katikati ya hivyo viwili, mimi silijui.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ndogo ya wageni Buruburu, Nairobi, kutandika vitanda na kufua mashuka. Kombe la Dunia lilikuwa linakwenda kuchezwa Uarabuni, na huku Eastlands kila mtu alikuwa na ndugu au jirani aliyejiandikisha kwenda kufanya kazi huko, ya ulinzi, ya udereva, ya hoteli. Na mimi nikaenda kwa wakala mmoja wa mjini. Siku ya intavyu tulisimamishwa mbele ya kitanda kimoja, tukakitandika kwa zamu. Nilipomaliza, mama aliyekuwa akitupima alivuta shuka kwenye pembe, likakataa kutoka. Akainua mto, akauangalia chini, akasema, "Haya." Nilitoka nje bila kujua kama hiyo haya ilikuwa ya karibu au ya nenda zako.

Baadaye wakala alinipigia. Nimechukuliwa, hoteli ipo, viza inashughulikiwa, naweza kuitwa wakati wowote. Lazima nimtendee haki mtu huyu. Alisema pia, na nilimsikia vizuri sana, "Usiache kazi mpaka uone tiketi kwa macho yako." Sioni mahali alipokosea.

Lakini kanisani kwetu, ambako wazazi wa wengi wetu walitoka Magharibi mwa Kenya, mtu hasafiri mbali bila kuagwa. Kuagwa si maneno matupu. Unasimamishwa mbele, kwaya inaimba, wazee wanakuwekea mikono, halafu watu wote wanapita wakikupa mkono. Ukishapewa mkono, umeenda. Kiti chako cha kwaya kinapewa mwingine siku hiyo hiyo, maana kiti kitupu cha msafiri kinaonekana kama mkosi.

Mwenyekiti wa kwaya ni mama wa makamo anayeuza omena, wale dagaa wadogo, ndiye aliyenifundisha besi tangu sauti yangu ivunjike. Aliniambia Jumapili iliyobaki wazi ni hiyo ya mwisho wa mwezi tu. Zinazofuata zina harusi, zina mkutano wa injili, zina uchaguzi wa wazee. "Ukingoja tiketi," akasema, "utaondoka kama mwizi." Nikakubali. Sijui kama ilikuwa imani ama nilitaka tu kusimama mbele.

Kwaya ilinipa sanduku jekundu la magurudumu. Kazi yangu nikamwachia binamu yangu niliyeishi naye chumba kimoja mtaa wa Pipeline, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimempunguza na tajiri wangu alitaka mtu mara moja. Nikamwachia na kitanda pia, kwa kuwa anayeamka kwenda kazini ndiye anayehitaji kulala vizuri. Meko ya gesi nikampa jirani. Nilijiambia ni siku mbili tatu tu, nitalala kwenye kochi.

Hizo siku mbili tatu zilikataa kwisha. Nikimpigia wakala anapokea, wala hakuwahi kunikwepa, ila jibu lilikuwa bado. Binamu anatoka alfajiri kwenda kwenye kazi yangu, mimi nabaki nikiosha vyombo vyake. Jioni ananisimulia mambo ya kule kama vile sijawahi kufika: kwamba mashuka yanakauka haraka yakianikwa juu ya paa, upande wa tangi. Upande huo niliugundua mimi. Nilitaka kumwambia, nikaacha. Anayeanika sasa ni yeye.

Siku moja yule jirani wa meko alinikuta kwenye ngazi nikipandisha mtungi wa maji.

"Niaje, mtu wa majuu," akasema. "Kwani ndege imekosa pa kupaki hapa Pipe?"

Watu wa kwenye ngazi walicheka, na mimi nikacheka. Jioni aliniletea chapati mbili za moto alizopika kwa meko ile ile, kwa hivyo siwezi kuandika kwamba ni mtu mbaya.

Kilichonichanganya zaidi ni kanisa. Jumapili ya kwanza baada ya kuagwa sikuenda. Ya pili nikaenda, nikakaa nyuma karibu na mlango. Walinisalimia, lakini kwa mashaka, kama mtu anayesalimia mwenzake kwa simu yenye mtandao mbaya. Mzee mmoja alinishika mkono akauliza habari za huko. Nikamjibu ni nzuri. Mpaka leo sielewi kwa nini. Nafikiri sikutaka ajue amekosea mbele ya mke wake.

Baada ya ibada nikamwendea mwenyekiti, nikamwomba nirudi kuimba wakati nikiendelea kungoja. Akafikiri sana. Akanieleza kwamba utaratibu haukuanza na mimi wala yeye: aliyeagwa harudi kwaya mpaka apokelewe.

"Lakini mama, sijaenda."

"Najua hujaenda, mwanangu. Lakini tulikuaga. Nikikurudisha kimya kimya, watu watauliza yale maombi yalianguka wapi."

Hata mimi nilikuwa najiuliza swali hilo hilo.

Basi nikapokelewa. Jumapili iliyofuata wageni na waliorudi kutoka safari waliombwa wasimame. Tulisimama wawili, mgeni kutoka Ziwani na mimi. Yule alileta salamu za kanisa lao. Mimi sikuwa na salamu za mtu. Nikasema, "Bwana asifiwe. Nilikuwa nyumbani. Nimerudi." Wakapiga makofi, tena ya kweli, na nikaketi kwenye besi nikiona haya na furaha kwa pamoja. Nikajiambia habari ya hoteli imekwisha. Nitafute kibarua kingine, maana cha binamu siwezi kumpokonya.

Jumanne wakala akapiga. Viza imetoka, tiketi imetoka, ndege ni Alhamisi, hoteli inataka watu kabla ya mechi kuanza.

Badala ya kufurahi niliogopa. Nikiondoka bila kuagwa, naondoka kama mwizi. Nikiagwa tena na jambo likwame uwanja wa ndege, nitarudi vipi mara ya pili kutoka mahali ambapo sijafika? Nikaenda kibandani kwa mwenyekiti. Alikuwa akimpimia mteja omena kwa kikombe, hakuniangalia.

"Mama, nimeitwa."

"Umeitwa, ama umeona tiketi?"

Nikamwonyesha kwenye simu. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma, akaisoma tena, akapangusa kioo kwa leso kwa sababu vidole vyake vilikuwa na magamba ya omena.

"Mimi siagi tena," akasema. "Kanisa limekuaga, limekupokea, limechoka. Nenda. Ukifika ukatandika kitanda cha kwanza, utupigie. Tutakuagia huko huko."

Alhamisi binamu alinisaidia kuteremsha lile sanduku jekundu. Kila ghorofa mtu aliuliza kama nahama, na nikajibu nahama, maana ilikuwa rahisi na pia haikuwa uongo. Jirani alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akasema ataamini akiona picha ya ngamia.

Nilifika. Ngamia sikumwona, niliona mashuka. Hoteli ilijaa watu wenye bendera mashavuni, na kitanda changu cha kwanza kilikuwa cha shabiki aliyelala na kofia yenye pembe, akaiacha kwenye mto. Sikujua kama nitandike kuizunguka au niiondoe. Nikaiweka juu ya kiti.

Jumapili wakati wa mapumziko niliwapigia, nikiwa kwenye ujia wa wafanyakazi, katikati ya vigari vya nguo chafu. Wakaniweka kwenye spika ya kanisa. Kwaya iliimba na sauti ilinifikia vipande vipande. Nilisikia besi imepungua, nikajaribu kuijaza kwa sauti ya chini. Kisha mzee akaomba Mungu anifikishe salama kule niendako, na ndege isitikisike. Nilikuwa nimeshikilia taulo, macho nimefumba. Nikasema amina. Sikuona ni haki kumkatiza.

Nilipokata simu, mwenzangu wa zamu, mtu wa bara jingine kabisa, aliniuliza kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza kama kuna aliyefariki. Nikamwambia hapana, wazazi wangu wa kanisa wameniaga, nasafiri.

Akaniuliza naenda wapi.

Nilifikiri kidogo. "Hapa," nikamwambia.