Limekata Nini Mara ya Mwisho

Babu yangu mzaa baba alikuwa mhunzi Ugweno, na alikuwa na ukorofi wake. Ukimpelekea panga bovu haligusi. Unaliweka chini, yeye anakuuliza: "Limekata nini mara ya mwisho?" Ukisema kuni, haya. Ukisema mgomba, haya. Ukidanganya, alikuwa akisema, chuma hakitashika makali hata ukinoe mpaka kiishe. Watu walimcheka, na mimi mjukuu wake nilicheka kuliko wote. Sasa nina miaka sita Dubai, nachomelea bodi za magari kwenye gereji ya Satwa, na kicheko kile kimenitokea puani.

Naishi Al Nahda, wanaume wanne chumba kimoja, mapazia katikati. Wa kitanda cha juu yangu ni Mnepali, mlinzi wa jengo la jirani, mpole hata ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Tunaitana bhai, yaani ndugu, kama kila mtu anavyomwita mwenzake mjini humu. Ukutani juu ya mto wake alikuwa ametundika khukuri ya marehemu baba yake, lile jisu lao pana lililopinda katikati kama goti. Mwaka wa msiba kwao hawakusherehekea. Mwaka huu, sikukuu yao kubwa ikifika, yeye mtoto wa kwanza ndiye angemkata mbuzi kwa jisu hilo, mbele ya mama yake na ukoo wote. Pigo moja tu. Kichwa kisipotoka kwa pigo moja, alinieleza, nyumba hiyo ijiandae kwa msiba mwingine. Na mama yake ana ugonjwa wa moyo.

Haya, ikaja Idi ya kuchinja. Arbab wetu, yaani bosi, akatugawia nyama gereji nzima, mimi nikapata mguu wa ng'ombe ulioganda kama jiwe. Kisu cha jikoni kikaukwaruza tu. Bhai alikuwa zamu. Nikatazama juu ya mto wake. Sitajitia kwamba sikujua. Nani asiyejua Mhindu na ng'ombe? Nilijua, na nikalishusha, kwa uroho wa supu. Pigo la kwanza, la pili, la tatu likalia vibaya. Nikaona pengo kwenye makali, mpini wa pembe umepasuka, na chini kabisa karibu na mpini, kikato kingine kidogo ambacho sikuwahi kukiona. Nikasema basi, nimelimaliza. Supu nilikunywa mabakuli mawili.

Aliporudi nilimwambia ukweli nusu. Nimelivunja jisu lako, bhai, nilikuwa nakata mfupa. Mfupa wa nini, akauliza. "Mbuzi," nikasema. Akalishika mapajani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, akauliza kama naweza kulitengeneza. Nikaapa. Mimi mjukuu wa mhunzi, nikamwambia, hili litarudi kuliko lilivyokuwa. Mdomo wangu huo.

Kazi niliifanya mchana, gereji ikifungwa kwa joto. Kiangazi, saa sita hadi saa tisa, Satwa inakufa. Mafundi cherehani wamevuta milango, paka wamelala chini ya magari, husikii ila viyoyozi. Nikateremsha shata la mlango nusu, nikalibana jisu kwenye jiliwa la mezani. Nilipotoa mpini nikaona chuma kilivyo: springi ya lori, ile ile aliyokuwa akifulia majembe babu. Nikafurahi, haki ya Mungu. Nikajiona niko nyumbani. Pengo nikalitoa kwa grenda taratibu, nikichovya majini lisiungue, na kile kikato cha chini nikakiziba kwa kuchomelea, nikakipiga msasa mpaka usingejua kilikuwa wapi. Mpini nikauunga kwa gundi na pini mbili za shaba.

Siku ya pili yake nikalitoa chumbani penye kiyoyozi, nikalipeleka kazini. Nilipolifungua gerejini lilikuwa linatoka jasho. Hilo si ajabu. Chuma baridi kikikutana na hewa ya Dubai lazima kitoke maji, hata miwani inatoka. Lakini maji yale yalikuwa mekundu. Yalishuka kwenye bapa, yakapita mpinini, yakaingia kiganjani mwangu. Kutu, nikasema. Nikafuta. Yakaja tena. Nilipowasha grenda, badala ya harufu ya chuma nikasikia harufu ya supu. Nilizima, nikatoka nje kwenye jua, nikasimama pale kama mwehu.

Jioni nikamwonyesha bhai. Alipitisha kidole mahali pa kile kikato, akakirudisha, akakipitisha tena. Akaniuliza kwa upole kwa nini nimeziba. Nikamwambia si pale palipovunjika? Akatikisa kichwa. Panakuwa hivyo tangu linafuliwa, akasema. Damu ikishuka inadondokea hapo, isifike mkononi mwa mtu. Na umbo lake, wazee wao wengine husema ni kwato la ng'ombe. Ng'ombe anawekwa pale ili alilinde jisu.

Nimemkata ng'ombe kwa jisu lenye alama yake, kisha nimeifuta alama.

Kesho yake nikapafungua tena kwa tupa, kwa mkono, siku tatu mchana. Maji mekundu yakaacha kufika mkononi. Nikanoa. Jisu likakata karatasi, likanyoa vinyweleo vya mkono wangu. Nikalifunga kitambaa. Mchana uliofuata nikalijaribu: butu, kama mgongo wa kijiko. Nikanoa tena, likanyoa. Kesho yake butu. Mara tatu hivyo. Pengine niliunguza chuma kwa grenda, fundi yeyote atakwambia hivyo, na mimi nilijiambia hivyo mara ngapi sijui. Lakini kila nikiinamia jiwe la kunolea nilimsikia babu, na sauti yake haikuwa kichwani. Ilikuwa upande wa shata, kwenye kivuli, kama mteja anayesubiri zamu. Sikugeuka hata siku moja. Niliogopa, na siwezi kusema vinginevyo.

Zilibaki siku tano bhai asafiri. Mficha uchi hazai. Nikamngoja avue sare, nikamwambia: haikuwa mbuzi. Nikasema alikuwa mnyama gani. Hakunitukana, heri angenitukana. Alipanda kitandani, akavuta pazia, na siku mbili hakunijibu hata salamu.

Siku ya tatu, saa saba mchana, akaja Satwa. Aliinama kupita chini ya shata na sare yake ya ulinzi, jasho linamtiririka, akaliangalia jisu kwenye jiliwa. Akauliza babu yangu alikuwa anafanyaje, mtu akishasema kweli. Nikamwambia alikuwa ananoa, basi. Nikaanza kuomba msamaha upya. Akainua mkono.

"Usiniambie mimi," akasema. "Liambie lenyewe."

Nikaona aibu, jitu zima kuongea na chuma. Lakini alikuwa hatanii. Nikainama nikaliambia, kwa Kiswahili, kwa sababu kwa lugha nyingine ningekuwa nadanganya: nilikukatia ng'ombe, kwa uroho wangu, na mwenyewe hakujua. Kiyoyozi cha duka la jirani kikazima, kukawa kimya kabisa. Kisha nikanoa, yeye amesimama. Kesho yake lilikuwa linanyoa. Na kesho kutwa, alipolifunga ndani ya begi la mzigo, lilikuwa bado linanyoa.

Wiki nzima ya sikukuu yao sikula vizuri. Nilikuwa namwona yule mama, nisiyemjua, ameketi uani na moyo wake mbovu anamngoja mwanawe ainue mkono. Siku yenyewe simu ikalia nikiwa gerejini. Nikapokea na mikono ya grisi.

"Pigo moja," bhai akasema.

Nilikaa chini pale pale. Nikacheka, nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na babu. Yeye hakucheka. Akasema alipolichomoa alani, mbele ya watu, lilikuwa limelowa. Jasho, bapa zima. Nikamwambia ni joto hilo, bhai, chuma baridi na hewa ya moto. Huku kwetu asubuhi kuna baridi, akasema, na hewa ni kavu.

Mama yake alikuwa wa kwanza kuliona. Alimuuliza, mbele ya ukoo wote, mbona jisu la baba yako linalia.

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nilimwambia halina kitu, mama. Limekaa tu ukutani tangu baba afariki, halijakata chochote."