Kidani cha Kaisari

Harufu ya ukwaju uliolowekwa hainikumbushi chakula. Inanikumbusha Bibi yangu akisugua kidani barazani kwetu Temeke, enzi za Mwingereza. Kilikuwa sarafu ya dhahabu iliyotobolewa ikatiwa mkufu, yenye kichwa cha mwanamume wa pua ndefu. Sie watoto tulidhani ni sultani aliyesahau kilemba.

Kila palipokuwa na harusi, bi harusi alikuja kukiazima, awe Mwislamu au Mkristo. Kikirudi, Bibi alikitia kashani akisema, "Akiba haiozi."

Siku moja jirani yetu Mwalimu Yohana, mtu wa bara, alimleta Mzungu mkusanyaji wa sarafu za kale. Mgeni aliikagua kwa kioo chake hata chai yake ikapoa. Akasema ni dhahabu ya Warumi, na huyo ni Kaisari. Adimu mno, ila lile tundu lilimsikitisha.

"Makubwa! Bila tundu ingevaliwaje?" Bibi alishangaa.

Hata hivyo, mgeni alisema angelipa bei ya kuezeka bati nyumba nzima. Bati! Nyie, makuti yetu yalivuja, na pa kuvujia palikuwa kitandani kwangu. Nilimkodolea Bibi macho ya kuomba.

Mwalimu akatania, "Bi Mkubwa, Maandiko yanasema ya Kaisari mpeni Kaisari."

"Basi Kaisari mwenyewe aje abishe hodi. Na Jumamosi Agnesi wako akiolewa, atavaa nini?"

Mwalimu alicheka kwa haya, akamtoa mgeni wake. Mie nililia mpaka kwikwi. Nilimwona Bibi mchoyo, anapenda dhahabu kuliko mjukuu.

Masika yale upepo ulichukua nusu ya paa. Kulipokucha tukasikia hodi. Walikuwa Mwalimu na mkwewe, mume wa Agnesi, wamejitwika makuti. Nyuma yao wakaja waume wa maharusi wengine, na wake zao na masufuria. Kufika alasiri tulikuwa na paa jipya, na Bibi alikuwa akilia na kucheka.

Siku ile nilifurahia kitanda kikavu tu. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba ile akiba Bibi aliyoisema haikuwa dhahabu.

Kidani sasa ni changu, ingawa mara nyingi hakipo nyumbani. Leo kimerudi, nami nimeshaloweka ukwaju, maana Jumamosi nyumba ya pili wanaoza binti. Ahsante, Bibi yangu.