Mto wa Sufi

Mwanapili wa Madungu alikuwa amepanda ndege mara nyingi kuliko wengi wa mtaa wake walivyopanda meli, na bado hofu haikumtoka. Hakuogopa ndege kuanguka. Hilo alimwachia Mungu tangu safari ya kwanza. Alichokiogopa ni mtu wa sare kunyoosha kidole na kuuliza, "Begi hili la nani?"

Kazi yake ni kupeleka na kuleta. Akienda Maskati hubeba pweza mkavu, karafuu na biskuti za vileja kwa Wapemba waliohamia huko. Akirudi huja na mabaibui, udi na mafuta mazuri, akauza Chake Chake. Kazi hiyo ilimfundisha hila. Mabegi huyapima nyumbani kwa mizani ya ndoana ambayo marehemu mumewe alipimia karafuu. Akirudi huvaa mabaibui matatu, moja juu ya jingine, jasho limtiririke lakini begi lipite. Mkoba wa mkononi, hata ukiwa mzito kama jiwe la kusagia, huutia begani na kutabasamu kana kwamba ndani mna leso tu. Na foleni fupi haimdanganyi. Yeye hutafuta ile ambayo karani wake anaonekana ameshakunywa chai.

Hila kubwa kuliko zote ilitokana na Kificho. Kificho alikuwa jirani yake, mtu wa watu, aliyepokea kopo la achari kutoka kwa mtu waliyekuwa wakiswali naye safu moja. Kopo lilikuwa na kitako cha pili, na chini yake unga wa kulevya. Kificho alikamatwa huko ugenini na hajarudi. Mkewe bado humpigia pasi kanzu kila Alhamisi, kisha huitundika mahali pake. Tangu hapo Mwanapili hapokei kitu cha mtu mpaka kifunguliwe mbele ya macho yake.

Kwa Wapemba jambo hilo ni zito. Mtu akikupa kitu umpelekee mwanawe, ni amana, na amana haichunguliwi. Wanawake wa mtaani walimchoka.

"Mwanapili siku hizi ni forodha," mmoja alimwambia. "Hivi vileja wataka nikuvunjie kimoja kimoja?"

"Vunja," Mwanapili alijibu. "Ukifungwa wewe kwa vileja vyangu, utanielewa."

Walicheka, wakavunja.

Lakini Bi Zulekha wa Kengeja hakuwa mwanamke wa mtaani. Mama yake Mwanapili alifariki siku ya kumzaa, na Bi Zulekha ndiye aliyemnyonyesha, huyu ziwa hili na mwanawe Talib ziwa la pili. Kwa hiyo alipofika Madungu asubuhi ya safari, amekumbatia mto mdogo ulioshonwa kwa kitambaa cha maua, Mwanapili aliutazama mto kabla hajasalimia.

"Mpelekee nduguyo," alisema Bi Zulekha. "Talib hapati usingizi huko Maskati. Mito yao ile ya mpira, mtu alala kama kaegemea gurudumu."

"Ndani mna nini, mama?"

"Mto wa sufi hutiwa nini, mwanangu? Mchele?"

Waliokuja kumuaga wakaangua kicheko, na Mwanapili akacheka nao. Alitaka kusema, "Tuufumue kidogo tu." Maneno yakamfika ulimini yakalala hapo. Mtu hakagui ziwa alilonyonya. Aliupokea mto kwa mikono miwili.

Katika ndege ndogo ya kwenda Dar es Salaam aliupakata. Ndege ilipotikisika juu ya maji aliukumbatia, na kidole chake kikagusa kitu kigumu kwenye pembe moja, kama kokwa ya embe changa. Akaondoa mkono upesi. Akaangalia dirishani. Kisha akagusa tena, akitumaini kwamba safari hii hakitakuwapo. Kilikuwapo.

Alimuona Kificho akitolewa kwenye foleni, akigeuka kuwaangalia wenziwe. Hakuwa shahidi wa siku hiyo, lakini ameiota mara nyingi kiasi kwamba anajua hata viatu alivyovaa.

Dar es Salaam hakuingia ukumbini. Alikaa kwenye kiti cha saruji karibu na maegesho ya magari, mto mapajani, akapiga simu Kengeja.

"Mama, nauliza tena. Ule mto, ndani mna nini?"

"Mbona waniuliza mara mbili? Sufi."

"Wallahi?"

Alisikia kuku wakilia uwanjani kwa Bi Zulekha.

"Mwanapili," sauti ikasema taratibu, "umekuwa mtu mzima wa kumuapisha mamaako?"

"Hapana, mama. Nisamehe."

Simu ilipokatika, aliuma uzi wa pembe ile kwa meno. Sufi ikaruka ikamganda mdomoni. Kati yake mlikuwa na kitu cheusi cha ngozi, kimeshonwa pande zote. Hirizi.

Kwanza alishusha pumzi, kwa kuwa hakikuwa alichokifikiria. Kisha hofu ikarudi ikiwa na sura nyingine. Alishasikia kwamba huko anakokwenda mtu akikutwa na hirizi huitwa mchawi, na maelezo yake husikilizwa akiwa ameshafungiwa. Na nani angemuamini kwamba ni ya mtu mwingine? Kila mtu husema si yake. Hata Kificho alisema.

Pipa la taka lilikuwa hatua chache tu, limejaa chupa na maganda ya machungwa. Alisimama, akakaa. Ndani ya ngozi ile huenda mkawa na aya, na aya hazitupwi jaani wala haziingizwi chooni. Kuikabidhi kwa mtu anayerudi Pemba? Angekuwa amemfanyia mwenzake yale yale aliyofanyiwa yeye.

Akatoa kijiko mkobani, akaenda kwenye bustani ya maua, akapiga magoti akaanza kufukua.

"Mama! Unazika nini hapo?"

Askari alikuwa nyuma yake. Kijiko kikamponyoka. Akabaki pale chini kiganja kikiwa wazi, hirizi juu yake.

"Ni maandishi ya Mungu, baba," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa udogo. "Hayatupwi ovyo."

Askari aliitazama hirizi, akarudi nyuma hatua moja. "Mama, mimi sitaki kuigusa hiyo. Fukia uondoke. Na hayo maua usiyaharibu."

Akafukia. Tundu la mto alilifunga kwa pini ya mtandio, akautia begini.

Maskati, begi lake lilipotoka kwenye mashine, mtu wa sare alinyoosha kidole. "La nani hili?"

Mwanapili alijua hamna kitu, lakini hofu haikumtoka. Akainua mkono. Mtu yule aliutoa mto, akauminya pembe moja baada ya nyingine, akaiona pini. Akaifungua, akatia vidole ndani, akachimba kwa muda ambao Mwanapili aliona kama hauna mwisho. Sufi ilimwagika mezani. Hatimaye alikung'uta vidole, akausukuma mto upande wake. Lau angeamini neno la mama yake mara ya pili, angekuwa anaondoka na watu wa sare sasa hivi.

Talib alikuwa akimngoja nje. Amekonda. Hakumaliza hata salamu; aliuchukua mto, na vidole vyake vikaenda moja kwa moja kwenye pembe ile. Vikatafuta. Vikahamia pembe ya pili, ya tatu, ya nne.

"Ni mto tu?" aliuliza.

"Mto tu," Mwanapili alisema. "Ulitaraji nini?"

Talib aliangalia pembeni. "Hakuna. Naulizia tu."

Walikwenda garini. Kumbe Talib na mama yake walijua wote wawili, na yeye, aliyeibeba hirizi, ndiye peke yake aliyefichwa. Hakuwa na hasira. Aliona baridi tu, kama mtu aliyeamka akakuta mlango wa nyumba yake umelala wazi.

Siku ya kurudi Talib alimfikisha uwanjani, akatoa kopo la halua lililofungwa kwa gundi pande zote. "Mpelekee mama. Aipenda sana."

Mwanapili hakunyoosha mkono.

"Lifungue."

"Dada, limetoka dukani. Likifunguliwa litaingia wadudu."

"Lifungue, Talib."

Watu walikuwa wakipita na matoroli yao. Talib alimtazama nduguye wa kunyonya, uso ukamshuka, akabandua gundi kwa ukucha. Mwanapili akatoa kijiko chake, ambacho mpini wake bado ulikuwa na udongo, akakifuta kwa baibui. Akakishindilia kwenye halua hadi kitako cha kopo, akakizungusha taratibu pande zote, huku Talib ameshika kopo na amefumba macho.