Nyayo Alizozipokea Matonya

Tena mtu asiniambie kwamba Matonya alifukuzwa uaskari kwa uzembe. Maneno hayo nimeyasikia kisimani, nimeyasikia kanisani, hata jikoni kwangu, kwa watu wanaokula ugali wangu. Wasio na haya! Mimi Anyesi ndiye niliyekuwa mke wake, na mimi ndiye ninayejua.

Matonya alikuwa mtu wa upande wa Kongwa, amekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe. Alipoingia polisi ya Mjerumani alianza chini kama wenzake: kulinda lango la boma, kusindikiza wafungwa wa mnyororo, kufanya doria kando ya waya wa simu, maana watu walikuwa wanaukata wakajitengenezee bangili. Miaka mitano hiyo. Ndipo wakamtia kwenye kikosi cha nyayo. Walikuwa wanne tu, hawalindi lango wala hawabebi mzigo wa mtu, kazi yao ni kumfuata mwizi ardhini. Matonya angetazama kwato akakwambia ng'ombe amepita jana au leo, na kama anachechemea.

Mwaka wa pili tangu reli ifike Dodoma, maksai watatu wa serikali wakaibwa. Bwana mkubwa wa boma akamwita Matonya akamwambia, walete, nawe utakuwa ombasha. Ombasha ni utepe mmoja tu mkononi, lakini ndiye angeongoza kikosi kile. Nisiseme uongo, utepe ule niliutaka kuliko yeye. Nilikwisha kuchagua hata uzi wa kuushonea.

Sasa sikilizeni desturi yetu, maana yote yalitokea hapo. Nyayo za mnyama wa wizi zikiingia kwenu, mnazipokea. Mnazifuata mpaka mpakani, mnawakabidhi jirani, nao wanazipokea. Zikipotelea kwako, hizo ni zako, nawe utalipa. Kwa hiyo kwetu zizi halifunguliwi asubuhi kabla mtu hajalizunguka akitazama chini, mifugo isije ikazifuta nyayo. Kila mtoto anajua.

Mimi nilikuwa kwa kaka yangu Yoramu siku zile, mwendo wa siku moja kutoka boma. Wifi yangu Dorkasi alikuwa na siku nne tangu ajifungue, nikaenda kumsaidia. Asubuhi hiyo Yoramu alikuwa shambani, mbuzi wanapiga kelele, mtoto analia. Nikafungua zizi nikawapeleka mbuzi wote mtoni, sitini na ushee. Sikuzunguka. Sikutazama chini. Miaka minane kambini kwa askari, maziwa yananifikia yamekwisha kukamuliwa, nikasahau nilikozaliwa. Loo, mimi!

Niliporudi namkuta Matonya amesimama kando ya zizi, peke yake, bunduki begani. Alikuwa amewatangulia wenzake. Nikafurahi, nikamkimbilia. Yeye hakucheka.

"Nyayo zimeingia hapa," akasema. "Maksai watatu na watu wawili. Jirani zenu wamenikabidhi mpakani sasa hivi."

Kabla sijafungua mdomo, shaushi Bushiri akatokea na askari wengine watano. Bushiri alikuwa mkubwa wao, mtu wa pwani, na hakumpenda Matonya hata kidogo. Akaagiza Yoramu aletwe kutoka shambani. Kaka yangu akafika mbio, jembe bado mkononi.

"Shikamoo, shaushi."

"Toa nyayo zinazotoka," Bushiri akamwambia. "Jua likifika utosini hujazitoa, unakwenda mnyororo wewe. Na huko boma watajua kama ni mnyororo tu au ni kamba."

Yoramu akazunguka zizi. Akazunguka tena. Upande wa mtoni hapakuwa na kitu ila vijikwato vya mbuzi, juu ya vingine, juu ya vingine.

"Mbuzi wamepita hapa," akasema.

"Naona," akasema Bushiri. "Na aliyewapitisha ndiye aliyeficha. Mkinipa huyo naye nitamfunga pamoja nawe. Nani amewapitisha?"

Yoramu hakujua. Dorkasi alikuwa ndani ya tembe na kichanga chake, namsikia anaanza kulia. Mimi nimesimama hapo hapo. Mnataka kujua kwa nini sikusema? Niliogopa. Basi. Niliogopa mnyororo, nikamwacha ndugu yangu wa tumbo moja ahangaike kwenye vumbi.

Matonya akainama kwenye njia ya mbuzi. Akaenda taratibu, hatua kwa hatua, uso karibu na ardhi. Mguu wangu wa kushoto una vidole vinne, jembe lilinikata kidole cha mwisho nikiwa msichana. Akafika mahali akasimama. Akainua macho, hakunitazama usoni, alinitazama miguu. Nikaivuta ndani ya kaniki. Kisha akaweka buti lake juu ya alama ile ya vidole vinne akalisokota.

Jua lilikuwa limekaribia utosini. Bushiri akakunjua kamba.

"Mwache huyo, shaushi," Matonya akasema. "Nyayo zilitoka. Nilipotangulia nilizikuta zinakwenda mtoni. Badala ya kuzifuata nikakaa kivulini kuwangoja nyinyi, mbuzi wa watu wakajipitia. Nilikwisha kuzipokea mimi. Ni zangu."

"Unajua unalosema?"

"Najua."

Bushiri akacheka mpaka akashika kiuno.

Maksai hawakuonekana. Bomani walimvua Matonya nguo za kazi mbele ya wenzake, wakampiga hamsa wa ishirini, fimbo ishirini na tano, nami nikazihesabu zote. Utepe akapewa Zaidi, aliyekuwa nyuma yake kwenye kikosi. Ng'ombe wake watatu, aliowapata kwa miaka minane, wakaingizwa zizi la serikali. Nikamsugua mgongo kwa samli huku nalia. Nikasema, "Matonya, mimi ndiye..." Akasema, "Mama Ruthu, mkono wako mzito, sugua polepole." Hakuniruhusu kumaliza, siku ile wala nyingine.

Tukarudi kulima. Kila asubuhi, miaka ishirini na sita, alitoka kabla yangu, akalizunguka zizi akitazama chini, kisha akaniita: "Haya, mama Ruthu, fungua."

Juzi tumemzika. Baada ya kaburi kufukiwa Yoramu akasimama kusema, na kichanga kile cha siku nne, sasa baba wa watu, amekaa karibu naye. Akamsifu shemeji yake sana, kisha akatabasamu. "Ila nyayo, jamani, nyayo zilimshinda." Watu wakacheka, si kwa ubaya, walimpenda.

Nikainuka. Nikapita katikati yao mpaka kwenye udongo mbichi, nikaukanyaga kwa mguu wa kushoto, nikainua mguu.

"Yoramu," nikamwambia, "hebu njoo uusome unyayo huu."