Chakula cha Kasho

Juzi, mlangoni pa kasho, mahabusu ya polisi ya Uvira, nilimwona mwanamke mwenye jicho lililovimba akimletea mumewe chakula. Harufu ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, ikanirudisha utotoni.

Uhuru ulikuwa umeingia karibuni, watu wengi wakipewa kazi za serikali, na mimi nilidhani baba naye amepewa kazi kwa polisi. Mama alimpikia kila siku kwa mkono mmoja; ule mwingine baba alikuwa ameuvunja.

Siku moja tulipompelekea, baba alionja nyuma ya vyuma. "Haina chumvi."

"Shefu, mumuachilie tu," mama alimwambia polisi. "Minye siwezi tena kumulisha."

Polisi alicheka. "Si weye ulimushitaki?"

Kisha akamfungulia baba mlango. Tulirudi watatu, mama nyuma na sahani tupu. Nilimshika baba mkono.

"Baba, kesho usiende ku kazi. Ubakie na mama ku nyumba."