Programu Isiyofunguka Uvira

Jirani yangu, mama fundi wa kompyuta hapa Uvira, hupuliza vidole kabla ya kugusa kibodi, kama anayemega ugali wa moto. Vita vimefunga barabara ya Sange, na kule darasa la watoto wakimbizi linasubiri programu ndogo ya kutekeleza maagizo watakayoandika. Mashine yao ni ya Windows, yake ni ya Linux. Kwa hiyo anawatengenezea kitu asichoweza kukifungua kwenye mashine yake mwenyewe. Alikituma kwa simu.

"Inakataa, maman," mwalimu wao akasema kwenye simu. "Inasema si ya mashini hii. Na watoto wameanza kutoka."

"Basi mashini yenu iko ya zamani kupita miye! Ngoja, papa."

Akapuliza vidole, akakitengeneza upya kwa Windows ya zamani, akatuma. Kwenye simu zikaja kelele za watoto, kila mmoja akitaka kuandika kwanza. Fundi akaibonyeza ile programu kwenye mashine yake. Ikakataa, naye akacheka.